Mwalimu wa Sindano Kutoka Kasongo

Bwana yangu walimuita munitere, na miye waliniita mwalimu. Taabu yote ilitoka pale, ingawa nilichelewa kuielewa.

Yeye ndiye aliyesoma, na munitere ni mufundishaji wa shule ya mapadri. Mapadri walimtuma kufundisha watoto kusoma, kuhesabu na katekisimu mu kijiji kimoja upande wa Wamaza, kule Kabambare, Wabeleji wangali wanatawala. Miye nilisoma kidogo tu, kwa masere wa Kasongo, wale watawa wa kizungu, na kitu nilichoshika vizuri kwao ni sindano. Waliposikia bwana yangu anaenda, wakaniita, wakanipa kasha la sindano, nyuzi, makasi na kitambaa cha amerikani, wakasema: "Yeye atafundisha watoto, wewe utafundisha mama zao." Hawakuniuliza kama ninapenda.

Na padri aliyesimamia masomo alimuambia bwana yangu neno moja, akalirudia ili lisipotee njiani. Alisema: "Nitakuja kukutazama kabla ya mvua. Nikikuta masomo safi, utabaki munitere. Nikikuta mambo ya kishenzi, utarudi nyumbani kulima pamba kama wengine." Munitere aliyetutangulia pale alikuwa amefukuzwa kwa ajili ya hirizi moja, iliyoonekana chini ya mukono wa shati lake siku ya misa. Hirizi moja tu. Na wakati ule mutu akiwa munitere ndipo anaponyoka pamba ya lazima na kazi ya barabara. Baba yake bwana yangu mgongo wake uliharibikia mu pamba ile, kwa hiyo hatukuhitaji mutu wa kutuelezea.

Majina ya watu wa kijiji kile ninayo yote kichwani, mpaka ya wale waliopita tu kuuza chumvi. Sitayaandika. Wajukuu wao wananunua mchele hapa sokoni petu, na hapa kila mutu anapenda kujua nkambo wa nani, yaani babu yake, alifanya nini.

Watu wakisikia Kasongo na Kabambare wanadhani ni nyumba na jiko lake. Sisi tulikwenda kwa miguu, tukapita Lusangi, nyayo zikavimba, na tulipofika nilikuwa mugeni kama aliyetoka ng'ambo ya maji makubwa. Kwetu tunasema Kizimba. Wao wanasema Kibangubangu. Maneno yao yanafanana na ya kwetu yakiwa mbali, kama mutu unayemuona njiani ukadhani ni dada yako. Ukikaribia, si yeye, na umekwisha kumpungia mukono. Nilisalimia watu vibaya mwezi muzima na hakuna aliyenisahihisha. Walicheka nyuma ya nyumba, halafu wakarudi mbele na uso wa kanisa.

Asubuhi, kabla sijanawa uso, walikuwa wamekwisha kukaa barazani pangu. Hawakuja kwa neno lolote. Walikuja kutazama. Walitazama namna ninavyopepeta mchele, namna ninavyofunga kikwembe, namna ninavyomuita bwana yangu. Nikipika sombe, yale majani ya muhogo, kuna mama mumoja alifunua chungu bila kuuliza, akachungulia, akawageukia wenzake: "Ametia karanga." Na jioni nikipita mwisho wa kijiji, watu nisiowajua wananiuliza kwa nini sombe ya Kasongo inatiwa karanga. Nikifunga mulango, wanamuuliza bwana yangu kama ninaumwa. Nikienda mtoni peke yangu, wananifuata, kwa sababu mugeni hatembei peke yake. Hata kule nyuma mu migomba, mahali ambapo mutu anapenda kuwa peke yake, walinisindikiza.

Na kila siku swali lilelile.

"Mwalimu, mutoto iko wapi?"

"Bado."

"Bado wapi?"

"Bado hajazaliwa."

"Iko mu tumbo?"

"Haiko."

"Sasa ile bado unasema ni bado gani?"

Nilikuwa nimeolewa mwaka uleule. Bwana yangu nikimlalamikia anasema: "Tutaona." Alikuwa mutu wa kusema tutaona. Nyumba ingeungua angesema tutaona.

Basi kazi yangu. Kapita, yule mukubwa wa kijiji, aliwatangazia watu kwamba mwalimu mwanamuke amefika kutoka Kasongo, atafundisha kushona. Wanawake wakajibu ndiyo. Nikawaambia kesho jua likiwa pale, muje na kikalio chenu. Ndiyo, mwalimu. Ilipofika kesho nilikaa peke yangu na kasha langu mpaka jua likavuka. Kesho yake nikawauliza mbona walisema ndiyo.

"Ndiyo," wakasema, "tulikusikia."

Kule ndiyo ni ya masikio. Haina miguu. Mutu wa kwetu akisema ndiyo, utamuona.

Nikaenda kwa bibi mukubwa wa kapita, muke wake wa kwanza, maana niliona kwamba yeye asipokaa chini hakuna mwanamuke atakayekaa. Alikuwa mama munene, muvivu wa kusimama, mwepesi wa kusema, na kiko chake hakikuzimika. Akaniuliza nitaanza na nini. Nikamuonyesha kwa vidole, kama masere walivyonifundisha: kitu cha kwanza ni mufuko mudogo, wa kutosha mu kiganja, na kamba yake. Masere walikuwa wanasema mufuko ule una kazi yote ndani yake. Una kushona kwa kwenda mbele, una kushona kwa kurudi nyuma, una upindo. Ukimaliza unatia sindano zako ndani.

Nikampa mufuko wangu, akautazama sana. Akaugeuza, akaunusa.

"Na hii ndiyo unafundisha ya kwanza?"

"Ya kwanza."

"Bila kuficha?"

"Nifiche nini, mama? Nimetumwa kufundisha."

Akasema: "Watu wa Kasongo wamebadilika."

Kesho yake barazani hapakuwa na nafasi ya kuweka mguu. Walikuja wenye watoto mgongoni, walikuja wazee wasioona tundu la sindano, walikuja hata wa kijiji cha pili. Na walishona. Sijaona tena wanawake wakishona vile. Hakuna aliyepiga kelele, hakuna aliyechungulia chungu changu. Mumoja akainua mukono kama mutoto wa masomo.

"Mwalimu, tufunge pande zote?"

"Hapana. Muache mudomo wazi."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mutakapotia kitu ndani."

"Kitu gani?"

"Kile musichotaka kipotee."

Wakatazamana. Wakaitikia kwa kichwa pamoja, polepole, na miye nikafurahi. Nikajisemea kumbe si wabaya, walikuwa wanataka mutu wa kuwaeleza vizuri. Jioni nilimuambia bwana yangu kwamba padri akija atakuta kazi. Akasema tutaona.

Somo la pili lilikuwa shati la mutoto. Hakuna aliyekuja. Nikangoja wiki nzima. Nikapita mu nyumba zao. Ndiyo, mwalimu, tutakuja, mwalimu. Hakuna. Miguu haikuja. Ila nilianza kuona mifuko yangu shingoni mwa watoto. Mifuko ya sindano, imefungwa kwa uzi shingoni, kiunoni, mukononi, na midomo yote imeshonwa, tena kwa kushona kwa kurudi nyuma kulikonyooka kabisa. Nikadhani ni mapambo. Nikacheka. Nikawaza kwamba watu hawa ukiwapa sufuria watavaa kichwani.

Halafu bwana yangu akarudi kutoka nyumba ya masomo ameshika vitabu vya kusomea. Akanifunulia. Kurasa zilikuwa zimekatwa, hapa kipande, pale kipande, zingine zimekwisha zote.

"Mchwa," nikasema.

"Mchwa wa huku wana makasi," akasema.

Siku ile hakusema tutaona.

Nikavaa kikwembe changu vizuri, nikaenda moja kwa moja kwa bibi mukubwa. Mujukuu wake mudogo alikuwa anatambaa mbele yake na mufuko shingoni. Nikamuuliza kuna nini mule ndani.

"Wewe unaniuliza miye?" akasema. "Si wewe mwalimu?"

"Mwalimu wa kushona, mama."

"Ndiyo. Wa kushona hirizi."

Nikakaa chini bila kukaribishwa. Akanieleza kama unavyomueleza mutoto mjinga. Tangu zamani, akasema, mwalimu wa Kasongo ni mutu wa kitabu. Anajua maandiko, anaandika karatasi, anaishona mu mufuko mudogo, mutoto anavaa, homa inampita. Walipita hapa tangu nkambo zake, pamoja na wenye kuuza vitambaa. Lakini wale walikuwa wachoyo, walishona wenyewe wakijifungia. Hakuna aliyewahi kufundisha. "Sasa kapita anatuambia mwalimu wa Kasongo anakuja kutufundisha kushona. Mwalimu anashona nini kingine? Na wewe mwenyewe siku ya kwanza ukatuonyesha mufuko."

"Na karatasi za munitere?"

"Hukutupa karatasi. Tulingoja, hukutupa. Bwana yako iko nazo nyingi, na zimeandikwa tayari."

Nilitaka kulia na nilitaka kumpiga na kiko chake. Kule Kasongo tulikuwa na mwalimu wa kweli jirani yetu, muzee wa kanzu safi, aliyefundisha watoto Kurani barazani kwake. Akijiita mwalimu ilikuwa haki yake, na miye nilipita pale kila siku na kitambaa cha misa kichwani tukasalimiana vizuri. Kwetu mutoto mudogo anajua kutofautisha mwalimu wa Kurani na wa sindano. Huku nilikuwa nimevikwa kanzu yake bila kujua.

Nikamuambia habari ya padri. Nikamuambia munitere wa kwanza alifukuzwa kwa hirizi moja, sisi tuna kijiji kizima, na mvua imekaribia. "Mama, hirizi hizi zitoke shingoni mwa watoto. Leo."

"Haziwezi."

"Kwa nini?"

"Nani atazitoa? Mama akikata uzi, mutoto akipata homa kesho, watasema nini? Aliyefunga ndiye anafungua. Wewe ndiye ulifundisha, wewe utafungua. Na useme maneno yake."

"Sina maneno."

Akavuta kiko. "Tafuta," akasema.

Bwana yangu nilipomueleza alikaa juu ya kitanda akashika kichwa. Akasema ataandika kwa padri amuambie kweli yote. Nikamuuliza padri atasoma kweli yote mpaka mwisho au ataishia pale penye neno hirizi. Hakuitafuta kalamu. Kwa mara ya kwanza niliona kwamba aliogopa. Mgongo wa baba yake ulikuwa pale ndani ya nyumba pamoja na sisi. Nikamuambia aende akapange vitabu vyake, vizima juu, vilivyoliwa chini, na mambo ya sindano aniachie.

Nilitangaza kwamba mwalimu atafungua mifuko, kila mama aje na mutoto wake. Wakaja wote. Miguu siku ile ilikuwako. Bibi mukubwa akaketi mbele na mujukuu wake, akasema kwa sauti ya kusikiwa: "Na shingo ya mutoto itabaki tupu hivi? Homa itapita wapi, si palepale?" Wenzake wakaitika. Hapo nikaona kazi ni mbili, si moja.

Nikasema: "Haitabaki tupu. Mulivaa hirizi nje kama watu wasiojua. Kitu cha siri kinawekwa nje?"

Wakatazama shingo za watoto wao.

"Kinawekwa ndani ya upindo wa shati. Pale hakuna atakayekiona wala kukiiba. Lakini shati lisiposhonwa vizuri kinatoka, na kikitoka shauri yenu. Nani iko na shati?"

Hakuna aliyekuwa na shati. Watoto walikuwa uchi.

"Basi munaona kwa nini niliwaita siku ya somo la pili," nikasema, "mukakaa mu nyumba."

Bibi mukubwa alinitazama kwa jicho la pembeni. Nadhani alinielewa kabisa. Akampa wa jirani kiko amshikie, akasema: "Fungua, mwalimu."

Maneno sikuwa nayo. Nikashika mufuko wa kwanza, nikaingiza ncha ya makasi, na kitu pekee kilichonijia ni yale masere walikuwa wanaimba huku wanapiga meza kwa kipimo cha mti, majina ya kushona kwa lugha yao. Nikasema chini chini: "Puwan devan. Puwan arieri. Urle." Uzi ukakatika. Karatasi ikatoka, imekunjwa, ina nusu ya sala na picha ya ng'ombe.

"Amina," wakasema wote.

Nikaendelea hivyo mpaka mikono ikaniuma. Mumoja aliniomba nimrudilie neno la tatu, anasema mutoto wake ana homa ya mara tatu. Nikamrudilia. Ungefanya nini?

Halafu wakashona. Nilikata amerikani yote ya masere, na ilipokwisha walileta vikwembe vyao vizee. Hapo ndipo nilipata kuwa mukali, na walikubali ukali kwa sababu walidhani ni wa dawa. Upindo uliopinda niliufumua. Uzi mrefu nilikata. Mama mumoja alilalamika kwamba mwalimu wa kwanza hakusumbua hivi. Nikamuuliza mwalimu gani wa kwanza, akasema si wewe, wale wa zamani wa nkambo zetu. Nikamuambia basi awafufue hao. Walicheka, naye akacheka, akarudia upindo wake. Ila hawakuacha kuniuliza mutoto wangu iko wapi. Wakaongeza na shauri: nijishonee hirizi na miye.

Padri alifika na kinga yake, baiskeli iliyojaa matope, kofia imelowa. Mvua ilikuwa imemtangulia kidogo. Watoto walikuwa wamesimama mbele ya nyumba ya masomo, wamevaa mashati, wadogo kwa wakubwa. Akasimama kabla ya kushuka vizuri. Akauliza nani amefanya hii. Bwana yangu akanionyesha kwa kidevu.

"Wewe bibi ya munitere? Kazi mzuri sana."

Akainama, akashika shati la mujukuu wa bibi mukubwa. Akageuza upindo, akatazama namna ulivyoshonwa. Akaubana kwa vidole. Karatasi ikalia.

"Nini hii? Inalia."

Bwana yangu nyuma yake alikuwa kama mutu aliyekwisha kushika jembe.

"Karatasi, padri," nikasema. "Inasimamisha upindo usijikunje."

Akaubana tena. Akafikiri. "Kwetu mama yangu alitia karatasi mu kola ya baba," akasema, na uso wake ukaenda mbali kidogo.

Nikadhani imekwisha. Lakini bibi mukubwa wa kapita, aliyekuwa kimya muchana wote, na kimya kilikuwa kimemchosha, akasema: "Mwalimu wetu iko na dawa ya kila kitu, padri."

"Dawa?" padri akasema, akasimama wima. "Dawa gani?"

Nilisikia mvua inaanza juu ya nyasi za paa. Yule mama alinitazama, akamtazama padri, akatoa kiko mudomoni bila haraka.

"Dawa ya uvivu," akasema. "Zamani hatukujua hata kushika sindano. Sasa hatulali."

Padri akacheka mpaka akakohoa. Akaingia ndani, akafungua vitabu vya juu, akasikiliza watoto wakisoma, akala kuku wetu. Akamuambia bwana yangu masomo ni safi.

Nimesema bwana yangu alikuwa anaogopa pamba. Miye pia niliogopa. Lakini kuna kitu sikumuambia mutu: nilikuwa nikiwaza kwamba padri akiridhika, labda atatupa nyumba ya masomo iliyo karibu na kwetu, mahali ambapo samaki wa mtoni Nyangwe wanafika hawajaoza na hakuna anayefunua chungu changu. Bwana yangu alimsindikiza padri mpaka mwisho wa kijiji, akarudi mbiombio, amelowa, meno yote nje. Nilikuwa ninapuliza kuni mbichi.

"Amefurahi," akasema. "Anasema mahali wanawake wanashona hivi hawezi kumtoa munitere. Tutabaki hapa. Hata miaka mingi, anasema."

"Vizuri," nikasema, nikaendelea kupuliza. Moshi ulikuwa mwingi, kwa hiyo hakuniuliza kwa nini macho yanatoka maji.

Asubuhi nilipofungua mulango, barazani walikuwa wamekaa. Kati yao mwanamuke nisiyemjua, matope mpaka magotini, ametoka kijiji cha mbali, mutoto wake mgongoni anachungulia. Alinyoosha kipande cha karatasi iliyokunjwa na kitambaa kidogo cha kutosha mu kiganja.

"Nimesikia huku kuna mwalimu," akasema.

Bibi mukubwa wa kapita alikuwa amekwisha kumpa nafasi kando yake na alikuwa ananitazama nitasema nini.

"Kitambaa hiki kidogo," nikamuambia. "Hapa tunaanza na shati. Kaa chini, shika sindano hii, na mutoto usimuweke karibu na makasi."